Mwiko wa Jengo la Tatu

Chumba namba 14
9 Februari

Baba yangu,

Mimi ni mzima, ila masikio ndiyo hayo hayo. Mashine ya zege imeyatafuna miaka mingi, na simu siku hizi naisikia nusu. Nusu ya pili najitungia mwenyewe. Wiki iliyopita uliniambia umepata homa, mimi nikasikia umepata nyumba, nikawatangazia majirani. Fundi cherehani wa chumba cha pili alishaanza kunidai pilau. Bora tuandikiane.

Sasa sikiliza. Juzi walikuja watu watano, watatu wa serikali na wawili wa kampuni ya ujenzi, wakapima safu zetu zote za vyumba, kuanzia bombani hadi kwenye ukuta wa karakana. Kila mlango wakaupiga namba kwa rangi nyekundu. Wanasema vyumba hivi vitabomolewa na yatapanda majengo manne ya ghorofa: serikali inatoa ardhi, kampuni inajenga, na sisi tunaondoka kwa muda halafu tunarudi, safari hii si kama wapangaji bali kama wenye nyumba, tukilipa kidogo kidogo.

Fundi cherehani akauliza nani ameshika karatasi inayosema tutarudi. Yule mkubwa wa serikali akajibu kwamba mkataba upo. Mwenzake wa kampuni akatazama viatu vyake.

Wewe upo wizarani kwenye mambo hayo hayo ya nyumba. Sikuombi siri za ofisi. Nakuuliza kama atakavyokuuliza mpangaji yeyote: je, tutarudi?

Mama yako


Wizarani, ghorofa ya tano
20 Februari

Mama,

Shikamoo. Homa imepona, na nyumba sijapata. Mwombe radhi fundi cherehani.

Mtarudi. Nasema hivyo kwa sababu kifungu hicho nimekiandika kwa mkono wangu. Sikukwambia mapema kwa kuwa mazungumzo yalikuwa hayajaiva, lakini mimi ndiye katibu wa kamati ya pamoja, ile inayokaa meza moja serikali na kampuni. Serikali inatoa kiwanja, barabara, maji na mabomba ya majitaka. Kampuni inajenga. Jengo moja kati ya manne ni lao, waliuze kwa bei ya soko wapate faida yao. Matatu ni ya bei nafuu, na wapangaji wa zamani ndio wa kwanza kwenye orodha.

Kifungu hicho kilitutoa jasho. Kwenye vikao kumi na kimoja watu wa kampuni walitaka kukifuta, wakisema hakuna mradi uliowahi kurudisha watu wale wale. Aliyekiokoa ni mhandisi mkuu wao, mama mmoja wa makamo asiyecheka ovyo. Siku hiyo aliwauliza wenzake, "Hawa wakiondoka moja kwa moja, tunamjengea nani?" Mimi nikaandika haraka kabla hawajapata jibu.

Hamia kwa mama mdogo mpaka majengo yakamilike. Na ninakuomba jambo moja: usiende kuomba kazi pale kiwanjani. Nakujua. Goti lako la kushoto limeshamaliza kazi yake hapa duniani, liache lipumzike.

Mwanao


Kwa mama mdogo wako
3 Oktoba

Baba,

Nimekaa kimya muda mrefu, usidhani nimekasirika. Siku ya kubomoa nilisimama nikaangalia chumba chetu kikienda chini. Dakika nne, baba. Miaka ishirini na tisa, dakika nne. Sikulia. Mwenye kulia alikuwa fundi cherehani, tena akasingizia vumbi.

Sasa majengo yamesimama, na nasikia wameanza plasta. Kwa macho naona yamenyooka. Jirani yangu mmoja anayefanya kazi pale anasema jengo la kwanza na la pili yamejengwa kwa heshima, timazi, ile kamba ya kupimia wima, inashuka kama uzi wa tasbihi. Jengo la tatu hasemi sana.

Mimi napumzika kama ulivyoagiza. Nashinda nimekaa, nakunja nguo, nachambua mchele. Mama mdogo wako analalamika kwamba nasinzia kabla chakula hakijapakuliwa. Ni uzee tu.

Wapangaji wenzangu wanauliza kila siku kuhusu orodha. Wanadhani kwa kuwa nimekuzaa basi nina nakala chini ya mto. Imetoka? Na mimi nimo?

Mama yako


Wizarani
22 Oktoba

Mama,

Orodha itabandikwa karibu na siku ya kura ya kugawa vyumba. Mpaka siku hiyo siruhusiwi kuisema hata kwako, na wewe ndiye uliyenifundisha kutochungulia sufuria ya mtu.

Ufunguzi ni tarehe 15 Desemba. Waziri mwenyewe atakuja. Huu ndio mradi wa kwanza wa aina hii, na wizara nzima inatembea kwa ncha za vidole. Ukifaulu, itajengwa mitaa mingine sita kwa mkataba huu huu. Nakwambia ukweli, mama, nikipita koridoni siku hizi nanyoosha shingo kidogo.

Nafurahi unapumzika. Usingizi huo ni mzuri, usiupigie kelele.

Mwanao


Kwa mama mdogo
17 Novemba

Baba,

Nina rafiki yangu mmoja, mwanamke wa umri wangu, fundi plasta. Yamemfika makubwa nami sina wa kumuuliza ila wewe.

Walimpa apige plasta chumba cha kulala katika ghorofa ya pili, jengo la tatu. Ghorofa hiyo kampuni ilimkabidhi mkandarasi mdogo ili kazi iende mbio. Akaulowesha ukuta kabla ya kupiga mkono wa kwanza, kama inavyotakiwa. Maji yakashuka yamebeba mchanga. Akachomeka ncha ya mwiko kati ya tofali na tofali, ikazama mpaka kwenye kidole gumba. Akajaribu pengine, vile vile. Saruji ilikuwa ya kunusishwa tu. Akaenda chumba cha pili, akaenda cha tatu, kote ni mchanga umesimama kwa adabu.

Akaweka chini vyombo. Msimamizi akaja kumuuliza kwa nini hajaanza. Akamwonyesha. Msimamizi akasema, "Wewe umeajiriwa kupaka. Paka."

Yeye akamjibu kwamba plasta ni nguo, na maiti hata ukimvisha suti hasimami. Mafundi wengine wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza, kwa sababu msimamizi alimfukuza papo hapo. Wenzake wawili wakateremka naye.

Sasa yuko nyumbani anageuka kitandani. Ufunguzi umebaki chini ya mwezi mmoja. Watu wamechoka kukaa kwa ndugu, wanataka kwao. Akinyamaza, ukuta utapakwa na mwingine, utapigwa rangi nzuri, waziri atakata utepe, na hakuna atakayejua mpaka siku ukuta utakapojieleza wenyewe, labda mtoto wa mtu akiwa amelala chini yake. Akisema, mradi mzima unaweza kuingia doa, na wale wasiopenda maskini wapewe nyumba watapata la kusema. Huo mradi ndani yake yumo mtu anayempenda.

Wewe ungemshauri nini?

Mama yako


Wizarani
5 Desemba

Mama,

Barua yako ilikaa siku nne kwenye mapokezi. Nilipoifungua, rafiki yako alikuwa ameshajishauri mwenyewe.

Nakusimulia yaliyotokea upande huu. Taarifa ililetwa kwenye kikao cha dharura. Inasema kwamba fundi mmoja alikaa siku mbili kwenye geti la kiwanja, juu ya tofali, akisubiri gari la mhandisi mkuu. Walinzi walimwondoa mara ya kwanza, akarudi. Siku ya pili gari lilipofika alisimama katikati ya njia na kuinua mwiko wake. Mhandisi akashuka. Wakapanda pamoja hadi ghorofa ya pili, na fundi akamwachia mhandisi mwiko ajaribu kwa mkono wake mwenyewe.

Mwenyekiti wetu alitaka jambo lipite polepole. Alipendekeza ukuta upakwe, ufunguzi ufanyike, uchunguzi uje baadaye. Mhandisi mkuu hakubishana. Alitoa bonge la ukuta kwenye mfuko wa koti, akaliweka juu ya meza yetu inayong'aa, akalibonyeza kwa kidole kimoja. Likawa unga. Ulitapakaa hadi kwenye makaratasi yangu. Akanigeukia: "Katibu, naomba uandike kwamba kamati imeuona ukuta."

Mimi sina kura, kazi yangu ni kuandika. Lakini niliomba nafasi ya kusema. Niliwaambia kwamba chini ya mkataba huu kuna saini mbili, ya serikali na ya kampuni, na ukuta ukianguka hautachagua uangukie ipi. Walipopiga kura, mikono saba iliinuka kusimamisha kazi, miwili ikabaki chini. Mkandarasi mdogo ameondolewa. Ghorofa nzima ya pili ya jengo la tatu na zile za juu yake, maana zinaikalia, zimebomolewa hadi kwenye zege, na kampuni imekubali kuzijenga upya. Ufunguzi umesogezwa hadi Aprili. Waziri alikasirika siku moja, ya pili akaiita hatua hiyo uongozi bora.

Sasa, mama. Ukurasa wa pili wa taarifa unasema fundi huyo anaitwa na wenzake Mama Mwiko, na kwamba ngazi huzipanda kwa kutanguliza mguu wa kulia kwenye kila kidato, wa kushoto ukifuata. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu mbele ya watu wote. Unachambua mchele, eh?

Sina haki ya kukugombeza, maana mimi nimekuficha kubwa zaidi. Orodha ilipita mikononi mwangu mwezi wa nane. Nililiona jina lako, nikaliona la kwangu likilifuata kila mahali watu watakaposema: katibu amempa mama yake nyumba. Nilichukua kalamu nikakukata. Hakuna aliyeniagiza. Nilidhani ndio uaminifu. Nilipanga nitakujengea chumba mimi mwenyewe, siku moja.

Nisamehe.

Mwanao


Kwa mama mdogo
14 Desemba

Wewe,

Leo sikuiti baba. Kesho pengine.

Kwanza la kwangu. Nilikudanganya, na sijutii sana. Tangu nikiwa msichana nimepaka nyumba za watu. Nimepaka za mawakili, za madaktari, hata ya mtu aliyekuwa na chumba cha viatu peke yake. Jioni nikirudi nalala kwenye ukuta uliopakwa na mtu asiyejali. Nikasikia zinajengwa nyumba na katika hizo moja ni yangu. Ulitaka nikae nichambue mchele? Goti liliuma, ndiyo. Lingeuma hata nikikaa.

Na usifikiri ilikuwa rahisi baada ya pale. Tangazo la kusogeza ufunguzi lilipobandikwa, wapangaji wenzangu waliacha kunisalimia. Mmoja alisema mbele yangu kwamba Mama Mwiko ana mtoto mkubwa wizarani, haoni shida kusubiri. Nikawaalika wote, nikawapeleka hadi uzio wa kiwanja, mafundi wakatupitishia mabonge mawili, moja kutoka jengo la kwanza na moja kutoka la tatu. Nikawapa wayavunje. La kwanza lilimshinda hata fundi cherehani na mkasi wake. La tatu likawa unga mikononi mwao. Siku ya pili salamu zikarudi.

Sasa la kwako. Ulinikata kwa sababu mimi ni mama yako. Lakini mimi sikuingia kwenye ile orodha kama mama yako. Niliingia kama mpangaji wa chumba namba kumi na nne. Hiyo haki sikuipata kwa kukuzaa, niliipata kwa kukaa pale, na huna mamlaka ya kuigawa hata kwa nia njema. Mtu anayemwonea mama yake ili asifiwe kwa haki hana tofauti na yule anayempendelea. Wote wawili wamechezea kalamu.

Kama uliona jina lako linagongana na langu, wa kutoka kwenye chumba cha kikao ulikuwa wewe.

Nenda kaseme. Kwa mwenyekiti, si kwangu. Halafu uniandikie.

Mama yako bado


Wizarani
19 Januari

Mama,

Nimesema.

Nilimkuta mwenyekiti pamoja na mhandisi mkuu, wanakagua ramani. Nilitaka kumngoja mhandisi aondoke, nikaona nikingoja sitasema. Nikawaambia yote, kuanzia kalamu hadi geti. Mwenyekiti alivua miwani akaiweka juu ya ramani. Mhandisi ndiye aliyeuliza, "Kwa hiyo yule fundi alikuwa analinda nyumba ambayo wewe ulikuwa umeshamnyang'anya?"

Nikasema ndiyo, mama.

Nimeondolewa ukatibu. Barua ya onyo ipo kwenye faili langu na itakaa humo. Orodha yote imepitiwa upya na watu watatu wasionijua, wakaikagua jina kwa jina kufuata zile namba nyekundu za milango ya zamani. Jina lako limerudi mahali pake. Wamegundua pia wapangaji wawili waliosahaulika kwa makosa ya kuandika, nao wamerudishwa. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia, ingawa sikuwa na sababu ya kujisifu.

Wamenihamishia chumba cha chini, napokea malalamiko ya wananchi. Shingo imerudi urefu wake wa kawaida. Lakini kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu. Kamati imepitisha utaratibu mpya kwa mitaa yote sita inayofuata: hakuna ukuta utakaopakwa mpaka mwakilishi wa wapangaji aupime kwa mkono wake, mbele ya mtu wa serikali na mtu wa kampuni, na wote watatu watie saini. Aliyeupendekeza ni mhandisi mkuu. Kampuni ilikubali bila hata kikao cha pili. Mhandisi alisema ni aibu kwamba kwa kampuni yenye mashine zote hizo, aliyeuona ukuta ni mama mwenye kipande cha chuma, na hataki aibu hiyo imrudie.

Ufunguzi nitakuwepo, lakini nyuma kabisa, na nitarudi na gari la ofisi. Usinitafute jukwaani.

Mwanao


Jengo la tatu, chumba namba 3, chini
2 Mei

Baba yangu,

Nimeona shati lako la buluu nyuma ya watu, na nimeona gari lilivyokubeba kabla sijamaliza kupeana mikono. Kwa hiyo nakusimulia niliyoyaona mbele, maana huko nyuma ulikuwa unaona migongo.

Kura ilifanyika ukumbini siku tatu kabla. Kila mmoja alichomoa karatasi mwenyewe kutoka kwenye ndoo inayoonyesha ndani. Mimi nilitumbukiza mkono nikatoka na jengo la tatu. Watu wakanong'ona, wengine wakanionea huruma. Nikawaambia hakuna jengo hapa duniani ambalo kuta zake zimesomwa kama hizo, mwenye wasiwasi tubadilishane. Hakujitokeza mtu. Fundi cherehani amepata jengo la kwanza, ghorofa ya nne, na anatutazama kutoka juu kama rubani.

Siku ya ufunguzi waziri alizungumza vizuri, ingawa upande wangu ulifika nusu. Nilisikia "serikali", nikasikia "sekta binafsi", hayo mengine nimeyatunga. Halafu mhandisi mkuu akaitwa aseme machache. Alisema machache kweli. Alituomba mafundi tuliokuwa pembeni tusogee mbele, akanishika mkono, akamwambia waziri, "Huyu ndiye aliyetuchelewesha miezi minne." Watu wakasimama. Baba, nimefanya kazi hii tangu sijaolewa, na sijawahi kuona watu wakisimama kwa ajili ya plasta.

Wamenipa kazi mpya, nisikufiche tena. Nitazunguka kwenye hiyo mitaa sita kuwafundisha wawakilishi wa wapangaji namna ya kuupima ukuta kabla haujavalishwa. Nitapanda ngazi polepole, wao wananisubiri. Darasa la kwanza lilikuwa juzi, wanawake tisa na mzee mmoja, na mzee ndiye msumbufu.

Chumba changu nimekipaka mwenyewe. Waliniambia si lazima, nikawaambia watoke nje. Nimemaliza jana mchana, nikakaa sakafuni nikapitisha kiganja ukutani kutoka kona hadi kona, na mkono haukukwama mahali popote.

Kuhusu barua ya onyo, iache ikae kwenye faili. Ni karatasi ya mtu aliyesema ukweli alipokuwa na nafasi ya kunyamaza. Mimi nimeshaisamehe ile kalamu.

La mwisho. Miaka yote nikija kukuona ofisini, wale wa mapokezi walikuwa wakiulizana mimi ni nani, na jibu lilikuwa kwamba ni mama yake yule bwana wa ghorofa ya tano. Nilikuwa nalipenda jibu hilo, sikatai. Lakini siku ya ufunguzi, gari lenu lilipokuwa linageuka, mke wa mlinzi alimwuliza mwenzake yule kijana wa shati la buluu ni nani, mbona anafuta macho. Hilo nililisikia lote, bila kutunga. Mwenzake akamjibu, "Humjui? Huyo ni mtoto wa Mama Mwiko."

Njoo Jumamosi. Getini usiseme unatoka wizarani, watakuweka kwenye foleni. Sema wewe ni nani.

Mama yako